Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya moyo

Saa 1:30 asubuhi. Mabenchi ya kliniki yetu hapa Dar es Salaam yameshajaa. Napima presha, sukari na uzito. Kila anayelalamikia kifua namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: kinabana ukiwa unafanya nini?

Saa 3. Ameingia fundi seremala wa Keko na mkewe. Kwa muda mrefu amekuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo. "Shikamoo baba, nionyeshe panapouma." Hakunyoosha kidole. Alikunja ngumi akaiweka katikati ya kifua. "Hapa, mwanangu. Nakuwa kama nimekandamizwa na gunia, halafu maumivu yanapanda kwenye taya." Humwanza akipiga randa mbao ngumu, au akipanda ngazi ameshiba. Akikaa dakika tatu nne, kinaachia.

Maelezo hayo ni nusu ya uchunguzi. Vidonda vya tumbo havijali kama unapanda ngazi au umekaa.

Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka safi, na mkewe akashusha pumzi: "Kumbe moyo mzima!" Hapa huwa siachi mtu aondoke bila kuelewa. Kipimo kile alifanyiwa akiwa amelala, ametulia. Mishipa ya koronari, inayoulisha moyo wenyewe, ikisinyaa kwa mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake, damu inayopita inaweza kumtosha mtu aliyekaa na isimtoshe anayefanya kazi. Misuli ya moyo ikikosa oksijeni ya kutosha, ndipo kifua kinabana. Hiyo ndiyo anjina. Daktari amemwandikia kipimo cha kutembea kwenye mashine.

Saa 5. Dawa. Aspirini ya dozi ndogo ili damu isigande, atorvastatini ya kushusha lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu), na bisoprololi ya kupunguza kasi ya moyo, ambayo namsisitizia asiikatishe ghafla. Sigara aache kabisa.

Kidonge cha nitroglisirini, cha kutumia kifua kinapobana, nakieleza taratibu, mkewe akiwa anasikiliza. Kaa chini kwanza, maana kinashusha presha na aliyesimama anaweza kuanguka. Kiweke chini ya ulimi, usikimeze. Subiri dakika 5. Kifua kisipoachia, weka cha pili. Dakika 5 nyingine zikipita bado kinabana, ni hospitali, wala usiendeshe gari mwenyewe. Kichwa kinaweza kuuma kwa kugonga. Ni kawaida ya dawa hiyo. Chupa yake ya kioo cheusi asiibadilishe, na aiweke mbali na joto.

Kisha namwita baba pembeni, peke yake, namuuliza kuhusu dawa za kuongeza nguvu za kiume. Nawauliza wanaume wote bila kuona haya, kwa sababu dawa za aina ya sildenafili zikikutana na nitroglisirini, presha inaweza kuporomoka hadi mtu apoteze maisha.

Saa 8 mchana. Mama anayeuza samaki Feri, ana kisukari. Kifua hakimuumi hata kidogo. Anachoka na kukosa pumzi akibeba ndoo. Nimemwambia daktari amwangalie kwa makini. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, anjina inaweza kuja hivyo, na wengi hudhani ni uzee.

Saa 10. Simu ya binti wa mgonjwa wetu wa zamani. Baba yake alikuwa akibanwa akitembea tu. Leo kimembana akiwa amekaa sebuleni, na dawa ya chini ya ulimi haijasaidia. "Tumlete kliniki kesho, dada?" Hapana. Mpelekeni dharura sasa hivi. Anjina iliyobadilisha tabia huenda ni mshtuko wa moyo unaoanza.

Saa 12 jioni. Nimepita kumwona baba huyo kabla ya kuondoka. Amelazwa, damu imechukuliwa kupimwa troponini (protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia), na kesho atapitishiwa mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mishipa ya moyo. Binti ameniuliza kama akiwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa, ataacha vidonge. Nimemweleza kwamba stenti inapanua pale paliposinyaa tu, na ugonjwa uko kwenye mishipa yote, kwa hiyo vidonge vitaendelea. Tumekaa tukaandika pamoja orodha ya dawa na saa za kuzimeza.