Kiti cha dirishani, upande wa kulia
Anayesafiri kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Mombasa na angependa kuuona Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, hana budi kuchagua kiti cha dirishani upande wa kulia, mbali kidogo na bawa, na akirejea achague upande wa kushoto. Kwa sababu hiyo mimi hulipia kiti mapema, ingawa ada yenyewe huniudhi. Juzi, nilipoingia ndegeni pale Uwanja wa Jomo Kenyatta, nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kiti changu, mkewe akiwa kando yake. Nilimwamkia kwa heshima na kumwonyesha pasi yangu, naye akaniomba kwa upole nimwachie, kwa kuwa hakuwahi kuutazama mlima huo kutoka angani. Nilimwachia, nikachukua nafasi yake ya ukingoni, maana aliomba. Nisiyemwelewa ni kijana wa safu ya mbele, aliyekilaza kiti chake chote bila kugeuka kutazama, tukiwa bado tumeshika vikombe vya chai, katika safari isiyozidi saa moja. Nilipomsihi akiinue, alikiinua nusu, nami nikaona inatosha.