Goti la kushoto na futi ya fundi cherehani

Wanaovuka na pantoni kila siku wanaujua ule mteremko wa Kigamboni maji yakiwa yamekupwa. Geti likifunguliwa mnashuka mbio kama mbuzi wa mnadani, na ukipunguza mwendo unasukumwa. Hapo ndipo goti langu la kushoto liligoma, Machi mwaka juzi. Kupanda halikuwa na neno. Kushuka, kila hatua kisu.

Nina miaka 47. Nimecheza beki wa kushoto tangu chandimu za utotoni Temeke, nikaingia ndondo, nikaishia maveterani wa Jumapili. Mwaka 2004 niliingiliwa vibaya, goti likajipinda na kuvimba kama embe bolibo. Wiki ya tatu nikafunga bandeji nikarudi uwanjani, bila kumuuliza mtu yeyote ndani kumechanika nini. Watu husema mbio ndizo zinazomaliza magoti. Kumbe wanaokimbia kwa kujifurahisha hawamo hatarini sana. Hatari kubwa ni jeraha la zamani kama langu, lililopuuzwa.

Daktari aliiinua eksirei dirishani. Upande wa ndani wa goti, uwazi kati ya mfupa na mfupa umebaki uzi tu. "Limesagika," akasema.

Nyumbani kila mtu akawa mganga. Shemeji alileta supu ya makongoro, jirani akaapa kwamba mafuta ya goti yameisha na dawa ni maji ya bamia. Bamia nimezila sana, na kwa dagaa ni tamu, ila uteute wake unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini. Binamu yangu alitaka nikafanyiwe upasuaji ule wa kuingiza kamera gotini na "kusafisha". Mimi nikachagua njia iliyoonekana ya busara kuliko zote: kupumzika. Miezi mitano sikupiga mpira, na hata sokoni nilipanda bajaji.

Goti likazidi.

Nikaenda mahali fulani (sipataji jina) wakanilaza mara nane, kila mara shilingi 20,000, chini ya taa ya joto na vipande vya mashine ya umeme vimebandikwa gotini. Raha nilipata, siwezi kukataa, hata usingizi ulinipitia. Lakini nikishuka ngazi za jengo lile, maumivu yalikuwa yananisubiri mlangoni. Hakuna aliyewahi kuniambia nisimame nifanye chochote.

Aliyenigeuza ni fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) mmoja wa kike, umri wa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo baba," kisha akaniwekea kiti. Goti hakuligusa kwanza. Alitaka nisimame na kukaa bila kushika popote, sekunde 30, yeye anahesabu. Nilifika mara tisa nikihema. Halafu akapima mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya pia ya goti: la kulia 52, la kushoto 48 na nusu.

"Baba, umepumzika mpaka msuli umeondoka. Sasa nani alibebe goti?"

Akanieleza kwamba gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu. Linakula kutoka kwenye ute wa goti, kwa kukamuliwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Ukilikalisha, unalinyima chakula. Nilimuuliza kuhusu kamera ya binamu. Akasema Houston, Marekani, walishawafanyia majaribio watu 180, matokeo yakatoka 2002: wengine walisafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa bila kujua. Miaka miwili baadaye maumivu yalikuwa yaleyale kwa wote.

Mazoezi yalinitia aibu mwanzoni kwa udogo wake. Viti viwili vya plastiki, kimoja juu ya kingine ili kimo kiwe juu, nasimama, nakaa polepole kwa hesabu ya tatu. Kizingiti cha mlango wa uani: nasimama kwa mguu mbovu, nashusha kisigino cha mguu mzima mpaka kiguse chini, narudi, huku goti likitazama kidole cha pili na sio kuangukia ndani. Tyubu ya baiskeli niliikata nikaifunga juu ya magoti, nikawa natembea kikaa-kaa uani, watoto wanacheka. Mara tatu kwa wiki. Denmark, tangu 2013, wana mpango wa namna hii wa wiki sita, watu wanafundishwa goti lao lina nini kisha wanafanya mazoezi mara 12. Fizio wangu aliufuata kwa karibu, ila viti ni vya kwangu.

Kilichoniokoa zaidi ni kanuni yake ya maumivu. Sifuri hadi kumi. Mpaka tano ruksa kuendelea, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi kwenye hali yake ya kawaida. Likiamka bovu kuliko jana, nimezidisha, napunguza. Nilizoea kuogopa kila mchomo. Sasa nikawa na kipimo, naandika nyuma ya kalenda ya dukani.

Wiki ya nne nikajiona nimepona. Jumapili nikaingia, nikacheza dakika zote 90. Jumatatu goti lilikuwa limejaa kama boflo. Fizio hakunifokea. Alisema tu, "Andika nane," akanirudisha kwenye viti viwili, na mimi nilikuwa nimeshafika kimoja.

Jumamosi nilikwenda baharini, huku huku Kigamboni, maji yakiwa yamejaa. Yakikufika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako tu. Nilitembea nusu saa kwenda na kurudi nikisukuma maji kwa mapaja. Ukikosea saa ukakuta yamekupwa, utatembea juu ya mawe mpaka ujute. Barafu ya mfuko niliizungushia kanga na kuiweka gotini robo saa baada ya mechi. Inatuliza, basi, haijengi kitu.

Uzito sitausemea sana kwa sababu mke wangu ndiye aliyefanya kazi. Chipsi mayai za usiku na soda ziliondoka, nikatoka kilo 91 hadi 84. Niliambiwa kila kilo unayopunguza, goti linapunguziwa karibu nne katika kila hatua. Ukihesabu hatua za kutoka pantoni hadi Kariakoo, unaacha chipsi mwenyewe.

Eksirei sikurudia, ule uzi hautakuwa mpana tena. Siku hizi nacheza dakika 30 kipindi cha pili, na mteremko wa pantoni nashuka bila kushika reli. Kwenye kiti nimefika mara 16. Paja napima kila mwisho wa mwezi kwa futi ya fundi cherehani wa jirani: mara ya mwisho lilikuwa 51. Fundi amesema safari ijayo nisimguse futi yake mpaka nimpelekee suruali ya kushona.