Nilifuata mabiti, nikakutana na bi mkubwa na mshua

Juzi simu ilijaa ikabidi nifute albamu, na mimi ndo yule mtu nasikiliza albamu nzima, ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, siruki hata kama naona kabisa inanimalizia bando bure. Basi nikafuta weee, zikabaki nne, ndo nikashtuka kwamba zote nne mtu anaongelea wazazi wake au familia yake. Sikupanga aisee.

Chromakopia ya rapa Tyler, the Creator nilishikwa na ngoma ya Noid. Nipo kwenye daladala, earphone inasikika upande mmoja tu, mara gitaa chafu hilo halafu mtu anaimba nizakupanga ngozi, nikasema hee, nani tena anataka kunipanga, na hiyo ngozi inapangwaje?? Kumbe ni kipande cha wimbo wa Ngozi Family, bendi ya Zambia ya miaka ya 70, na hicho ni Kinyanja, ngozi kwao ni hatari, balaa, yaani jamaa anatishia kumfanyia mtu kitu kibaya. Nilicheka peke yangu, konda akanitazama.

Ila kilichonibakisha ni bi mkubwa wake. Sauti yake imo albamu nzima, anashauri, anaonya, mama kabisa. Sasa Tyler miaka yote anamchana baba aliyemtelekeza, tumeshazoea, halafu mwisho wa Like Him mama anatamka mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake, baba alitaka kumlea mwanae. Nilirudisha mara tatu. Kinachoniudhi ni kwamba machozi hayajakauka, Balloon inaingia na Doechii ndani yake, ngoma kali sikatai ila pale imekaa vibaya mno.

Clipse nao. Ni marapa wawili, Pusha T na kaka yake Malice, mara ya mwisho albamu ya pamoja ilikuwa 2009, wakarudi Julai 2025 na Let God Sort Em Out, mabiti yote katengeneza Pharrell. Nikajua tutasikia habari za kuuza unga wa kulevya tu kama kawaida yao (na zipo, tele). Lakini wamefungua na msiba. Wazazi wao walifariki wakifuatana ndani ya miezi michache, sasa Pusha anashika vesi ya mama, Malice anashika ya baba, na ya Malice ndo imenimaliza: gari la mzee lipo nje kwahiyo anajua yupo ndani, anagonga, anagonga tena, anagonga mara ya tatu ndo mwili unaingia ubaridi. Hakuna mafumbo hapo, ni mtu na mlango. Baada ya hiyo ngoma mimi ilibidi nisimamishe kwanza, zile nyingine 12 nikazisikiliza kesho yake.

GNX ya rapa Kendrick Lamar mtaniuliza. Naipenda, dakika 44 hazichoshi, ila imepewa jina la gari na ni ya kusikilizia kwenye gari, na mimi gari sina. Nimefuta.

The Cure ni bendi ya rock, sio rap najua, ila Songs of a Lost World ya Novemba 2024 imebaki. Miaka 16 bila albamu mpya halafu ngoma nane tu, na ya kwanza unasubiri zaidi ya dakika tatu ndo mwimbaji wao Robert Smith afungue mdomo, kuna ngoma humo ya kaka yake aliyefariki sitaisikiliza usiku tena.

Ya nne Live Laugh Love ya rapa Earl Sweatshirt, Agosti 2025, dakika 24, imeisha chai haijapoa. Yule dogo aliyekuwa anaimba giza tupu sasa ana mke na watoto, anacheka, biti zinarukaruka, na mimi nafurahi kama ni ndugu yangu. Maana mshua wake, mshairi Keorapetse Kgositsile wa Afrika Kusini, alifariki Januari 2018 hawajamalizana. Na huyo mzee alipita hapahapa Dar, alipokimbia makaburu miaka ya 60 mwanzoni alifikia huku, halafu miaka ya 70 akarudi kufundisha Chuo Kikuu pale Mlimani. Mimi napita Mlimani kila siku na earphone yangu ya upande mmoja, namsikiliza mwanae, nilikuwa sijui.

Kama kuna mtu humu mzazi wake alifundishwa na yule mzee, hebu muulize alikuwaje darasani, mkali au wa kawaida tu?