Gazeti lilivyonaswa na kidato cha tatu

Kuna mwezeshaji alituambia walimu kwamba kuandika Wikipedia ya Kiswahili ni kazi ya dakika kumi: chukua makala ya Kiingereza, ipitishe kwenye programu ya kutafsiri, bandika, tanbihi zije nazo zilivyo. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikaendelea na chai yangu. Tanbihi ni kumtaja shahidi wa unachokiandika. Utamtajaje shahidi ambaye hujawahi kumsikiliza?

Klabu yetu ya historia hapa Arusha ilichagua Kesi ya Ardhi ya Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wao, akaipeleka kesi hadi Umoja wa Mataifa, New York.

Akaunti za Wikipedia wanafunzi wazifungue wakiwa nyumbani, kwa bando la mzazi. Intaneti ya shule kwa kawaida inaonekana kama anwani moja, na Wikipedia huruhusu akaunti mpya sita tu kwa siku kutoka anwani moja. Wa saba akikataliwa, kipindi kimeisha.

Sasa utamu wenyewe. Kundi moja lilinijia linatamba: "Madam, tumepata chanzo, tena gazeti!" Kweli, sentensi waliyokuwa wakiitafutia tanbihi, kutoka makala ya zamani tuliyokuwa tukiirekebisha, ilikuwemo gazetini neno kwa neno. Mpaka mkato uliokaa vibaya ulikuwa palepale, na huo mkato ndio ulionitia shaka. Nikawaambia wafungue historia ya ukurasa, warudi nyuma toleo baada ya toleo hadi waione siku sentensi ilipoingizwa. Walibofya huku wakinung'unika, kisha chumba kikatulia. Sentensi ilikuwa Wikipedia muda mrefu kabla gazeti halijachapwa! Mwandishi kanakili humo humo, nasi tulitaka kumfanya shahidi. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo tungejishuhudia wenyewe?" Naam. Tangu siku hiyo wanalinganisha tarehe bila kuambiwa, na nikiri ninaringa nao.

Chanzo chetu kikuu kikawa kitabu, The Meru Land Case cha 1967; tulikiazima kwa mwalimu mstaafu wa Usa River, aliyekitoa kama anayeozesha binti wa mwisho. Kopi za kurasa chache zikala elfu kadhaa. Utaratibu ukawa huu: soma, funika, andika kwa maneno yako, kisha nionyeshe ukurasa. Namba ya ukurasa isipokuwepo, sentensi haiingii. Na kwa kuwa waandishi ni Japhet mwenyewe na Earle Seaton, mwanasheria wake, penye lawama kwa serikali tuliandika "kwa maelezo ya Japhet na Seaton". Mdai hawezi kuwa hakimu.

Mwanafunzi mmoja alitaka kumtaja babu yake aliyeona nyumba zikichomwa. Hairuhusiwi, kinachotakiwa ni kilichochapishwa, na sheria hiyo inaniuma hadi leo. Ila shikamoo yake kwa babu haikupotea: tulirudi kitabuni tukijua la kutafuta, na habari ya kuchomwa nyumba tukaikuta.

Baadaye mhariri tusiyemjua akaifuta aya hiyo. Vijana walitaka kuirudisha kwa ubabe. Nikawapeleka kwenye ukurasa wa majadiliano wakaweka jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Aya ikarudishwa na mhariri yuleyule.