Nilivyojua difu ya pikapu yangu ni ya aina gani

Mvua ilinikuta Ruai na magunia ya viazi nyuma. Gurudumu la kushoto likazunguka bure matopeni, la kulia likatulia tuli. Fundi mmoja aliniapia kwamba difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawia magurudumu nguvu, ni elesidi (LSD), ile yenye sahani za klachi za kubana magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, ninunue oili yake maalumu. Bei yake si mchezo, nikaamua kuhakikisha kwanza.

Nyumbani niliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikainua ekseli ya nyuma yote kwa jeki na kuiegemeza kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo! Gia nyutro, hendibreki chini. Nikazungusha gurudumu moja kwa mkono: la pili likaenda kinyume, polepole, propela, ule mtaimbo unaoleta nguvu kwenye difu, imetulia. Elesidi nzima ingeyapeleka upande mmoja.

Ila elesidi iliyolika sahani nayo hufanya hivyohivyo. Basi nikapiga picha kibati cha namba ya chesisi, mstari wa ekseli, nikampelekea muuza spea wa Kirinyaga Road. Akatafuta namba ile ya ekseli: difu ya kawaida. Nikanunua oili ya kawaida, na tairi mbili za nyuma zenye meno.