Merikebu Haikufika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Matendo ya Mitume 27:27-44. Someni polepole, msiruke hesabu zake.

Jumamosi tulikwenda Jakobsen, ule ufuo mdogo nje ya mji wa Kigoma, ukishapita Katonga. Anayeujua mwambao ule anajua ni mawe matupu. Miamba inashuka moja kwa moja majini, na Tanganyika si ziwa la kuchezea, kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Halafu, katikati ya miamba, unakuta mchanga. Maji yametulia, meupe, samaki wadogo wa rangi rangi unawaona wanavyozunguka mawe. Watoto wakavua viatu kabla hata hatujaweka mizigo chini.

Nikakaa kivulini na Biblia, nikidhani tafakari imeshajiandika: Mungu ndiye ghuba yetu, amina, twende tukale samaki wetu wa migebuka. Matendo 27 ikanikatalia.

Siku kumi na nne Paulo na wenzake merikebuni wametupwa huku na huku na dhoruba. Usiku wanapima maji: pima ishirini, kisha kumi na tano. Wanaogopa miamba, wanatupa nanga nne za shetri, yaani nyuma ya merikebu, wanaomba kuche. Kunakucha, na tazama, ghuba yenye ufuo! Watu 276 wanauona kwa macho yao. Wanaziachilia nanga, wanatweka tanga, wanaelekea huko. Na merikebu haikufika. Omo, sehemu ya mbele, ikakwama, shetri ikavunjwavunjwa na mawimbi. Waliojua kuogelea wakajitosa kwanza, waliobaki wakaja juu ya mbao na vipande vya chombo kilekile. Wote wakafika nchi kavu, hakupotea hata mmoja.

Rudini mstari wa 22. Paulo alikwisha kuwaambia: hakuna atakayepoteza uhai, ila merikebu tu. Sisi tukisikia neno kama hilo tunashika nusu ya kwanza, ile ya pili tunaipitisha haraka kama tangazo la michango.

Nami nasema haya kwa sababu nina merikebu yangu iliyokwama. Duka nililoliombea miaka mingi lilifungwa wakati ambapo, kwa hesabu zangu, ufuo ulikuwa unaonekana kabisa. Nilimlalamikia Mungu muda mrefu kwa ahadi ambayo, nikisema kweli, hakunipa. Nyumbani kwangu hakupotea mtu. Hilo nilichelewa kuliona.

Jioni tukirudi tulisimama mwaloni Katonga kununua dagaa. Mzee mmoja alikuwa anatengeneza taa zake za usiku. Nikamwuliza, upepo ukiwashika ziwani, mnakimbilia kule kwenye mchanga?

Akacheka. "Usiku? Hapana, mwanangu. Mawe ya pale ndiyo yanayovunja mitumbwi. Tunakaa nje, tunasubiri kuche."