Siku Moja Nyuma ya Meza ya Nyoka, Tinley Park

Saa kumi alfajiri. Nje ni nyuzi 4, chumba cha wanyama ni nyuzi 28. Gari linanguruma uani dakika ya ishirini sasa lipate joto, maana nyoka mchanga wa gramu 10 hana cha kumkinga: joto la mwili wake ni joto la pale alipo. Vikopo 46 vyenye matundu vyenye nyoka ndani vinaingia kimoja kimoja kwenye maboksi ya povu. Hakuna aliyekula tangu Jumatano. Nyoka aliyeshiba akitikiswa njiani hutapika, na kumrudisha kwenye hali yake huchukua wiki kadhaa.

Saa moja asubuhi tumeshafika Tinley Park, kusini mwa Chicago, mimi na mpwa wangu. Maonyesho ya reptilia, ambako wafugaji kama mimi tunauza nyoka na jamii zao, huwa hapa Machi na Oktoba. Yeye anatandika kitambaa, mimi nachomeka pedi za joto na themostati, kifaa cha kudhibiti joto lake. Kila kikopo kina lebo: jinsia, tarehe ya kuzaliwa, amekula mara ngapi, anakula nini.

"Mjomba, mbona 'amezaliwa kwetu' tumeiandika kwa herufi kubwa kuliko bei?"

Nikamweleza. Mnyama aliyekamatwa porini hufika na minyoo na kupe, amekonda, hataki kula, na nyuma yake kuna wenzake waliofia njiani. Yuko yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro. Msitu wenyewe ni mdogo, naye haishi mbali na hapo. Walikamatwa kwa wingi kwa ajili ya meza kama hizi, hadi CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukamweka kwenye Orodha ya Kwanza, inayokataza kuwauza kimataifa waliokamatwa porini, ikaanza kutumika mwaka 2017. Tanzania ilikuwa imeshafunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Bado kuna watu wananijia, wakisikia natoka Afrika Mashariki, wakiuliza kama naweza "kuwapatia". Siwezi, na sitaki.

Saa nne milango inafunguliwa na ukumbi unajaa watoto. Sheria ya meza yangu ni moja: dawa ya mikono kabla ya kugusa, na tena baada ya kugusa. Kabla, kwa sababu utitiri husafiri kwenye vidole kutoka meza hadi meza. Baada, kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha ambao reptilia huweza kuwabeba. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4 tangu mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua.

Nyoka wanaoulizwa sana ni boa wa mchangani wa Kenya. Ndilo jina lao la sokoni. Namfungua jike mmoja, anajizungusha kwenye vidole vyangu, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia. Naeleza kwamba hawatagi, huzaa. Kwamba jike humzidi dume kwa mbali. Kwamba hana sumu na siku nzima hujifukia akaacha macho na pua tu. Msichana mmoja akauliza kama niliwahi kumwona nyoka huyu kwao Kenya. Nilimwona mara moja, shambani karibu na Voi, baada ya ami yangu kumkata kwa jembe akidhani ni moma. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimtazama muda mrefu, na nadhani kazi hii ilianzia hapo.

Saa nane alikuja kijana na dola 260 mkononi. Alitaka dume na jike, awaweke tangi moja. Nikamuuliza joto la chini ya tangi ni ngapi. Hakuwa na pedi wala kipimajoto. Nilichukua amana ya dola 20 kwa ajili ya jike peke yake, nikamwonyesha meza ya vifaa, nikamwambia akishaliwasha tangi anitumie picha ya kipimajoto kikisoma 33.

Mpwa wangu alikasirika waziwazi. "Mjomba, tungekuwa tumelipa meza na petroli."

Anasema kweli. Lakini boa huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Akianza na baridi, hawezi kumeng'enya chakula vizuri, na anaweza kufa mapema.

Saa tisa ni saa ya kupatana bei. Waliopita mara tatu wakitazama tu sasa wanarudi. Jirani wa meza ameanza kushusha bei ya chatu wake. Mimi nilimpunguzia mwalimu mmoja tu, ambaye tangi lake nalijua.

Saa kumi tunafunga. Wameuzwa 29.

Saa mbili usiku, nyumbani. Nguo zote kwenye mashine, kisha kuoga, ndipo nashika chochote. Wale 17 waliobaki hawarudi kwa wenzao. Watakaa siku 30 chumba cha nyuma juu ya karatasi nyeupe, ambapo utitiri huonekana kama vitone vyeusi. Mwaka juzi niliipuuza hatua hii, nikapigana na utitiri miezi mitatu na nikapoteza majike wawili wa kuzalisha.

Saa nne kasoro simu ikalia. Picha ya tangi, pedi imewashwa, kipimajoto kinasoma 29. Nikamjibu apandishe themostati, asubiri hadi asubuhi, apige picha nyingine. Jike wake nimemwandikia jina la mteja kwenye kikopo kwa kalamu nyekundu.